Majiko Sita ya Hiarini

Watu waliowahi kwenda Hiarini wakarudi ni wachache, na hao wachache hawapendi kuulizwa walikula nini huko. Mwanahawa binti Shomvi alisimulia mara moja tu, amekaa kwenye kigoda na mgongo ameupa ukuta, kisha hakurudia tena. Tunayaandika hapa kama alivyoyasema, bila kutia chumvi, maana yenyewe hayahitaji chumvi.

Mwanahawa alikuwa mpishi. Alikuwa na banda la chakula ubavuni mwa soko la kwao, na kwa miaka ishirini na saba alipikia kila kitu kinachotoa joto: mafiga, mkaa, jiko la mafuta ya taa, gesi, umeme, hata maranda ya mbao yaliyoshindiliwa kwenye debe. Ukimwuliza jiko lipi ni bora, alikutazama kama umemwuliza mguu upi ni bora kwa kutembea. Kwake yeye chakula kikiiva kimeiva, mengine ni maneno.

Zamda, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa ameolewa Hiarini. Miaka sita ilipita bila mtoto. Siku habari zilipofika kwamba Zamda amejifungua mtoto wa kike na hali yake si nzuri, Mwanahawa hakuuliza maswali. Alifunga banda, akachukua sufuria yake kubwa, unga wa mtama, pilipili manga, samli na kuku wawili wa kienyeji, akaenda. Mama yao alikwisha kufariki. Mzazi anatakiwa akandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anywe uji wa moto, apewe supu, mpaka arobaini iishe, na kama si dada yake wa kumfanyia hayo, angekuwa nani?

Hiarini ni nchi ya juu, ya upepo na ukungu, ambako hata adhuhuri watu hutembea wamejifunika mablanketi. Mwanahawa alipofika kwa shemeji yake aliomba kwanza aonyeshwe jikoni. Hajawahi kuona jikoni pazuri kama pale. Vigae vyeupe mpaka darini, makabati ya mbao nyekundu, miiko imetundikwa kwa kufuatana urefu, na katikati ya meza ya mawe, mahali pa kukaa jiko, palikuwa na tundu la mraba lililofunikwa kitambaa kilichotariziwa maua.

"Jiko lenyewe liko wapi, shemeji?" aliuliza.

Sururu, mume wa Zamda, mtu mpole mwenye miwani na vidole vyembamba, alitabasamu kwa haya. "Bado tunachagua."

"Mnachagua tangu lini?"

"Mimi mwaka wa tisa huu. Lakini nimefika mbali, shemeji. Nimebakiza mawili tu."

Mwanahawa alidhani anataniwa, maana shemeji ni mtu wa kutaniwa. Akasubiri Sururu acheke. Sururu hakucheka, ila alifungua kabati na kumwonyesha madaftari saba aliyoyaandika kwa mkono wake: nguvu ya moto, unene wa chuma, wepesi wa kusafisha, sauti ambayo jiko hutoa linapowaka na sauti ambayo hutoa linapozimwa. Mwandiko ulikuwa safi sana.

Zamda alikuwa chumbani, chini ya mablanketi matano, na bado anatetemeka. Midomo ilikuwa imepauka. Mtoto alinyonya, akaacha, akalia, kwa sababu maziwa yalikuwa hayajashuka. Pembeni mwa kitanda palikuwa na bakuli la unga mbichi uliokorogwa kwa maji yaliyoanikwa juani. Hicho ndicho chakula cha Hiarini: unga wa maji ya jua, mchele uliolowekwa siku mbili mpaka ukalainika, nyama iliyokaushwa kwa upepo, na maziwa kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Wenyeji wamezoea. Zamda hakuwahi kuzoea, na tangu ajifungue alikuwa amekunywa vijiko vitatu akavitapika.

"Dada," alisema, na machozi yakamtoka kabla ya maneno. "Nataka kitu cha moto tu. Hata maji matupu."

"Utapata sasa hivi, mdogo wangu. Sasa hivi."

Mwanahawa alitoka uani, akaokota mawe matatu, akakusanya vijiti, akatoa kiberiti kifuani. Sufuria ikakaa. Moshi haujapita paa, majirani wakaanza kuingia, kumi, kisha thelathini, kisha hakuhesabu. Hawakuja kwa hasira. Wengi walikuwa wanalia. Mbele yao alikuwa bibi mmoja wa nyumba ya pili, Bi Raya, ameshika ndoo kwa mikono miwili.

"Karibu mgeni wetu," alisema Bi Raya. "Pole na safari. Tusamehe sana, mwanangu." Kisha akaumwagia moto ndoo nzima.

"Mna wazimu?" Mwanahawa alipiga kelele. "Ndani kuna mzazi!"

"Tunajua. Mimi ndiye niliyemkata kitovu mwanawe." Bi Raya aliiweka ndoo chini. "Lakini mtaa wetu ni wa arobaini na moja kwenye foleni ya Baraza. Mtaa ukitoa moshi kabla haujachagua, unarudishwa nyuma ya mitaa yote, na mitaa yote ni elfu mbili na zaidi. Mimi nimengoja miaka kumi na tisa. Mume wangu amekufa akingoja. Usitufanyie hivyo, mwanangu, nakuomba."

Akamkumbatia, na mikono yake ilikuwa ya baridi kama mtungi. Wengine waliyarudisha mawe pale pale yalipokuwa, kila jiwe kwenye alama yake. Kijana mmoja wa Baraza akachukua kiberiti kwa adabu zote na kumwachia Mwanahawa risiti.

Sururu ndiye aliyemweleza sheria, wakiwa wamekaa kwenye kizingiti. Zamani kila mtu alipikia alichonacho, na kila mtu alijiona yeye ndiye mwenye akili. Wa mkaa waliwacheka wa mafuta ya taa, wa gesi wakawacheka wote wawili, mpaka siku ndugu alipochoma nyumba ya nduguye ili kuthibitisha kwamba jiko la nduguye ni la hatari. Ndipo wakapatana. Mapatano yenyewe ni mafupi na yamechongwa juu ya mlango wa Baraza: hakuna atakayewasha jiko la kupikia kabla ya kuchagua, hakuna atakayechagua kabla ya kuyasikiliza yote, na anayeuliza siku ya kuchagua bado hajasikia, asikilizishwe upya tangu mwanzo. Walidhani ingechukua mwezi mmoja. Lakini majiko mapya yakawa yanaletwa kabla ya yale ya zamani kumaliza kusikilizwa, na kila jipya likisema, haki inataka ya zamani yajibu.

"Kwa hiyo hamtapika milele," Mwanahawa alisema.

"Tutapika, shemeji. Tena tutapikia kitu cha uhakika. Nchi nyingine zote mnapika kwa kubahatisha tu."

Mwanahawa alitaka kumpiga kofi. Akajikaza, kwa sababu Sururu alikuwa bado anaongea, na sasa alikuwa anasema jambo la maana. Mgeni, alisema, hana historia na jiko lolote, na kwa hiyo husikilizwa kwa njia fupi. Siku sita kwa koo sita kubwa za majiko, siku ya saba achague, na jiko la mgeni linaruhusiwa kuwashwa katika nyumba iliyompokea. Siku saba. Mwanahawa alirudi chumbani akamwambia Zamda.

"Nitangoja," alisema Zamda. "Nimekuwa Hiarini miaka sita, dada, mimi kungoja najua."

Kesho yake Mwanahawa alikuwa wa kwanza mlangoni pa Baraza. Karani alimtazama usoni akamwuliza, "Umeshiba?"

"Swali gani hilo?"

"Mwenye njaa hana uamuzi mzuri, bibi. Atachukua lolote linalowahi. Sheria inataka msikilizaji aliyeshiba."

Mwanahawa, ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana asubuhi, aliapa kwamba ameshiba. Nyuma yake walipanga foleni watu mia na ushee, mashavu yamewaingia ndani, na kila mmoja aliapa hivyo hivyo.

Ndani, juu ya jukwaa, majiko sita yalikuwa yamepangwa, na yote yanawaka. Hilo lilimpa Mwanahawa moyo, maana yalikuwa majiko ya kweli, yenye moto wa kweli. Kisha akaona masufuria yaliyokuwa juu yake. Yalikuwa matupu yote sita, yameungua mpaka yamebadilika rangi.

Mwenyekiti wa Baraza, Bwana Takadiri, alikuwa mzee nadhifu mwenye sauti ya chini na subira isiyokwisha. Mwanahawa alimwamkia, akamwuliza kwa nini hawatii chochote ndani ya sufuria.

"Chakula kina upendeleo," alijibu. "Tia maharage, na ukumbi mzima utasikiliza maharage. Sisi tunasikiliza jiko."

"Mzee wangu, mimi nina mgonjwa. Mzazi. Anatetemeka tangu juzi. Nipe lolote kati ya haya, hata lile bovu kuliko yote."

Ukumbi ukanong'ona. Bwana Takadiri aliinua mkono kuwatuliza. "Baraza linampa pole mdogo wako, kwa moyo wa dhati," alisema, na Mwanahawa aliona kwamba kweli ni wa dhati. "Ndiyo maana tunataka umchagulie vizuri. Unataka kumpa mgonjwa jiko bovu?"

Basi akakaa. Siku ya kwanza alisema wakili wa mkaa, mtu mnene wa maneno, akasifu moto unaotulia, chapati inayovimba, mkate unaopata joto la chini na la juu. Wapinzani wake wakainuka mmoja mmoja: majivu, masizi, na ule moshi usioonekana unaoua watu waliofunga madirisha. Siku ya pili mama mmoja alilitetea jiko la mafuta ya taa kwa uchungu, jiko la mtu wa chumba kimoja, alisema, lisilomdharau mtu. Wakamjibu kwamba chai yake yote hunuka. Siku ya tatu ilikuwa gesi. Wakili wake aliinamisha moto, akauinua, akauinamisha, kama anayemchezesha mtoto, na watu wakaguna kwa raha. Kisha mpinzani akauliza nani katika ukumbi hajawahi kusikia habari za mtungi uliokwisha pilau ikiwa nusu mbichi. Mwanahawa alijikuta ameinua mkono kusema kwamba yeye hayo yalimpata, mara mbili, tena siku ya harusi.

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusema kitu mle ndani bila kumtaja Zamda. Hakuliona hilo wakati ule.

Nyumbani, mtoto alikuwa amechukuliwa na binti wa Bi Raya aliyekuwa ananyonyesha, ili asife kwa njaa. Zamda alikuwa hatetemeki tena sana, na Mwanahawa, ambaye amewaona wazazi wengi, alijua kwamba hiyo haikuwa dalili njema. Alimkanda kwa viganja vyake vikavu mpaka vikauma. Alimfunika kwa nguo zote alizokuja nazo. Aliwaweka wale kuku wawili miguuni pake kitandani, wampe joto lao, na kwa muda mfupi Zamda alicheka.

"Hata wao wamechoka," alisema. "Wanashangaa kwa nini hatuwachinji."

"Siku nne tu zimebaki."

"Dada, chagua lolote. Usiwasikilize sana. Wanasema Sururu alikuwa mtu wa kawaida kabla hajaanza kuwasikiliza."

"Mimi tena? Mimi nimepikia maranda ya mbao, Zamda!"

Siku ya nne walisikiliza umeme wa koili, zile pete nyeusi zinazopanda rangi polepole mpaka zikawa nyekundu. Wakili wake alikuwa mzee mtaratibu, na alisema jambo ambalo Mwanahawa, baada ya miaka ishirini na saba, alikuwa hajawahi kulifikiria: kwamba koili inachelewa kuwaka lakini inachelewa pia kupoa, na mpishi mwenye akili huzima mapema na kumalizia wali kwa joto lililobaki. Alilitafakari jambo hilo njia nzima ya kurudi. Lilikuwa kweli. Alikuwa akipika miaka yote hiyo na hakulijua.

Siku ya tano ilikuwa kioo, jiko bapa, jeusi, linalong'aa, unalifuta kwa kitambaa kimoja likarudi kama halijawahi kuguswa. Mwanahawa alisimama. "Na mtu akiikokota sufuria badala ya kuinyanyua?" Ukumbi ukapiga makofi. Wakili wa kioo aliinama kwa heshima na kukiri kwamba mikwaruzo hutokea. Bwana Takadiri akamwambia karani aandike kwamba swali la mgeni ni swali zuri. Kuna utamu fulani katika kuambiwa umeuliza swali zuri mbele ya watu mia, na Mwanahawa, ambaye watu walimjua kwa sahani tu, hakuwahi kuuonja.

Jioni ile yeye na Sururu walikaa jikoni, kila mmoja upande wake wa lile tundu la mraba, wakabishana kuhusu kioo na koili. Sururu alileta daftari la nne. Mwanahawa alichora kwa kidole mezani jinsi moto unavyotembea chini ya sufuria pana na chini ya sufuria nyembamba. Walicheka. Alisema baadaye kwamba ilikuwa saa pekee katika nchi ile ambayo hakusikia baridi. Zamda aliita kutoka chumbani, na akaita tena, na ni mara ya tatu ndipo waliposikia. Alikuwa anataka kugeuzwa ubavu.

Siku ya sita liliinuka jiko la sumaku. Wakili wake, kijana mwenye fahari, alilaza kiganja juu yake likiwa limewashwa, akakiinua bila hata alama. Jiko hili, alisema, halichomi mkono, halichomi hewa, linaichoma sufuria peke yake. Maji ambayo wengine wanayachemsha kwa robo saa, hili linamaliza kabla hujakaa. Mwanahawa alisimama pale pale.

"Hili! Kesho nachagua hili. Naomba mlijaribie sufuria yangu."

Walimruhusu. Sufuria yake ilikuwa ya aluminiamu, kama zilivyo sufuria za watu wote wa kwao. Waliiweka. Jiko likalia mara moja, likazima. Wakaiondoa, wakaiweka tena. Jiko halikuitambua sufuria ya Mwanahawa.

"Linataka chuma," kijana alieleza kwa upole. "Masufuria ya chuma yapo, mazuri sana. Ila hayo unayachagua kwenye Baraza la Masufuria, jengo la pili. Huko hakuna njia fupi."

Usiku ule hakulala. Siku ya saba aliingia ukumbini na kuwakuta watu wamejaa mpaka madirishani, kwa sababu miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kufika siku ya kuchagua. Desturi ni nyepesi sana. Mchaguzi anapewa sufuria tupu, anaiweka juu ya jiko analolitaka, na kusema, "Hili, basi." Maneno mawili tu.

Mwanahawa alishika sufuria. Alikwenda moja kwa moja kwenye gesi, maana gesi alikuwa ameipikia miaka kumi na miwili, akainyanyua sufuria, na mkono ukasita. Mtungi. Bohari ya mitungi iko mbali, nani atafuata mwingine huu ukiisha katikati ya arobaini? Akageukia mkaa. Lakini chumba cha Zamda kimefungwa kwa ajili ya baridi, na ule moshi usioonekana? Koili, basi, polepole lakini ya uhakika. Je, na umeme ukikatika? Mafuta ya taa yanamtia mzazi kichefuchefu. Alisimama mbele ya majiko sita yanayowaka, mwanamke aliyewahi kupikia watu mia tatu kwa mawe na magome ya miti, na kila jiko alilolitazama aliona ubaya wake kwanza. Alijua anachofanya. Alisema mwenyewe kwamba alijua. Sauti ya Zamda ilikuwa masikioni mwake, chagua lolote, chagua lolote, na bado mdomo wake ukafunguka.

"Samahani, Bwana Mwenyekiti. Hilo la kioo, likizimwa, linakaa na joto kwa muda gani?"

Ukumbi mzima ukasimama na kushangilia. Watu walimshika mikono. Mama wa mafuta ya taa alimbusu shavuni. Bi Raya, kule nyuma, alijifunika uso kwa kanga.

"Nafuta swali!" Mwanahawa alipiga kelele. "Nalifuta! Koili! Nachagua koili! Hili, basi!"

"Swali halifutiki, bibi," alisema Bwana Takadiri, na macho yake yalikuwa na unyevu wa furaha. "Lina jibu. Na jibu lake litataka kujibiwa na wengine. Tutaanza kesho, na mkaa."

Alirudi nyumbani akikimbia, kisha akitembea, kisha akasimama mlangoni kwa muda mrefu. Zamda alifumbua macho.

"Umechagua?"

"Nimechagua," alisema Mwanahawa. "Linaletwa. Liko njiani."

"Lipi?"

Hakuweza kulitaja hata moja. Alipanda kitandani, akamkumbatia mdogo wake kwa mwili wake wote kama walivyokuwa wakilala utotoni, na hivyo ndivyo walivyokaa mpaka kesho yake alasiri, Zamda alipokata roho.

Sasa sikilizeni sheria za nchi ile zilivyo na utaratibu. Mapatano yanahusu jiko la kupikia, na maiti hali. Maji ya moto ya aliye hai yaweza kunywewa, kwa hiyo ni mapishi, lakini maji ya kumwoshea maiti hayana upendeleo wowote, na kwa hiyo kuyachemsha hakuhitaji uchaguzi, foleni wala Baraza. Sanda ilikuwa haijafika, lakini majiko yalikwisha kufika. Mawakili wote sita walikuja, kila mmoja na jiko lake, wameinamisha vichwa kwa huzuni, wakayapanga uani kwa Sururu. Mkaa ukawashwa, gesi ikawashwa, nyaya zikavutwa kutoka dirishani. Masufuria sita makubwa, na ndani yake, kwa mara ya kwanza machoni pa Mwanahawa, mlikuwa na kitu.

Mtaa mzima ulikuja. Misiba ya Hiarini hujaa watu kuliko harusi, na Mwanahawa alipowaona wanavyosogea aliielewa sababu yake. Walikuja wakalia, na kulia kwao kulikuwa kwa kweli, na huku wakilia wakanyoosha mikono kwenye moto. Bi Raya alikuwa amechuchumaa mbele ya mkaa, machozi yanamtiririka, na viganja vyake ameviweka karibu mpaka vikawa vyekundu. Sururu alisimama katikati ya majiko, hana miwani, hajui ashike nini.

Mvuke ulianza kwenye gesi, kisha kwenye kioo, kisha kote. Maji yalikuwa yanatokota kila upande wa ua.

"Kumbe maji huchemka nchi hii," Mwanahawa alimwambia Bwana Takadiri, aliyekuja kutoa pole.

"Siku zote huchemka, bibi," alisema mzee yule kwa upole. "Hilo hakuna aliyewahi kulipinga."

Wanawake walimwita ndani. Zamda alikuwa amelazwa juu ya ubao, amefunikwa shuka. Ndoo ziliingizwa moja baada ya nyingine, zinafuka, na chumba kile ambacho hakikuwahi kupata joto kikajaa mvuke mpaka ukuta ukatoa jasho. Mwanahawa aliomba aoshe yeye, na mwosha, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana, hakukataa. Akatia kiwiko ndani ya ndoo ya kwanza, akakitoa haraka.

"Yamezidi moto haya, dada," alisema. "Maiti anaoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Punguza."

Mwanahawa akachukua jagi la maji ya baridi, akayamimina ndani ya ndoo, akaendelea kumimina mpaka mwosha alipomwambia inatosha.